Propela Imefika, na Abiria wa Kwanza Ni Mimi

Mshauri wetu,

Nakuomba msaada kwa sababu nimekwama, na kila mtu ambaye ningeweza kumweleza jambo hili atalifikisha kwa mume wangu kabla chai haijapoa. Nitajitahidi kulieleza tangu mwanzo na kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho utaniona mwendawazimu.

Mume wangu ni rubani mstaafu. Alirusha ndege za kunyunyizia dawa kwenye mashamba makubwa ya watu, na kampuni ilipofungwa alinunua ndege ndogo kuukuu ya viti viwili ambayo injini yake ilikuwa imekufa, akaifufua yeye na rafiki yake fundi ndege, wakaipa banda la mabati pembeni ya kiwanja cha nyasi nje ya mji, na tangu hapo Jumamosi zake zote zikawa huko. Watoto wetu walipokuwa wadogo waliiita ndege hiyo mama mdogo, nami nilicheka pamoja nao ingawa si kwa moyo wote, kwa sababu mama mdogo alikuwa akipakwa mafuta na kufutwa vumbi kila wiki, na mimi mama mkubwa nilikuwa naulizwa tu shati jeupe liko wapi.

Mwezi wa pili mwaka huu alinibembeleza nipande naye, nikakubali kwa kuwa nilikuwa nimekataa mara nyingi mno. Tulikuwa bado chini, ndege inatembea kuelekea mwisho wa kiwanja ili igeuze, na yeye ananipigia soga za nyumbani kwa sauti ya kushindana na injini, akasema, "Ile mifereji ya paa tukiiacha hivi mpaka mvua," akanyamaza. Nilidhani kuna kitu anakitazama. Nilipogeuka nikaona kidevu kimelala kifuani, mikono imeanguka mapajani, macho yako wazi lakini mwenyewe hayupo, na ndege inakata kushoto yenyewe, ikaingia kwenye nyasi ndefu, gurudumu la mbele likazama, pua ikainama, mapanga ya propela yakachimba udongo na injini ikazima kwa kishindo ambacho hadi leo nakisikia nikifunga mlango. Kisha mume wangu akainua kichwa, akasema, "itatuangukia kichwani."

Alimaliza sentensi yake, mshauri. Hakujua kwamba aliondoka akarudi. Akatazama kioo kilichojaa udongo, akaniuliza, "Tumepiga nini?" Nami nikasema, "Shimo."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nilichokiona usoni kwake ni hofu, na sijawahi kumwona mtu huyu akiogopa kitu chochote, nikampa kitu cha kushika. Uwanja wa nyasi haukosi shimo, kwa hiyo fundi alipokuja mbio alilitafuta akalipata. Aliniuliza pembeni kama mzee hakukanyaga breki, nikamwambia alikanyaga, nyasi zilikuwa na umande. Baadaye nilikuja kusikia kwamba wenye kiwanja walimwachisha kazi yule mtunza uwanja anayekata nyasi na kufukia mashimo, lakini wakati huo maneno yalikuwa yameshatoka.

Fundi aliifungua injini akasema shafti ni nzima, ila propela haifai tena, ncha zake zimejikunja kama pembe za kondoo, na chuma kilichopinda hivyo hakinyooshwi, kinabadilishwa. Hapo ndipo nilipopata mwanya, mshauri, na hapo ndipo nilipojizika mwenyewe. Maana niliona kwamba mradi hakuna propela, hakuna kuruka, na mradi hawajakubaliana ni ipi, hakuna propela.

Fundi alitaka inayofanana na ile ya zamani, ya mapanga mawili, ambayo haina maswali. Mume wangu alitaka ya mapanga matatu, kwa hoja kwamba mapanga yake ni mafupi na hayako karibu na ardhi. Siku aliyotaka kuiagiza nilimuuliza kama uzito wake hautaelemea pua ya ndege, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma kwenye vitabu vyake alipokwenda kuoga. Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Akarudi kupiga hesabu, na kweli ilikuwa nzito. Alipogeukia ya mbao, kwa sababu inapunguza mtetemo, nilimkumbusha mvua, jua na banda letu linalovuja. Alipotulia tena kwenye mapanga mawili nikamuuliza ule mlalo wa mapanga, kwamba je, tunachukua ya kupandia haraka kwa kuwa kiwanja chetu ni kifupi, au ya safari ambayo hupanda polepole lakini huko juu inakimbia. Hilo lilituchukua mpaka mwezi wa sita.

Sasa sikiliza jambo linaloniua. Hiyo miezi imekuwa mizuri kuliko yote niliyoishi naye. Mume wangu anaamini nimeipenda ndege yake. Jioni tunakaa mezani bega kwa bega na picha za propela, ananichorea upepo unavyokatwa, ananipikia chai, mtu ambaye hakuwahi kujua sukari inakaa wapi. Anawaambia rafiki zake mkewe siku hizi ni injinia. Juzi alinishika mkono barabarani mchana kweupe, umri wetu huu, na mimi nikawa natembea naye huku nalia kwa ndani, kwa sababu mapenzi haya nimeyapata kwa kumlaghai.

Na anaendelea kuondoka. Siku moja mezani kikombe kiliinama mkononi mwake chai ikamwagika yote, na aliporudi akasema meza hii inayumba, akakata kipande cha boksi akakiweka chini ya mguu wa meza. Siku nyingine alikuwa ananisomea kwa sauti, akakatika, akaendelea palepale. Daktari wa marubani alimpima mwezi wa nne, akamuuliza kama amewahi kupoteza fahamu, akajibu hapana, na hakusema uongo. Mwongo alikuwa amekaa nje kwenye benchi, amemshikia koti.

Mwishowe fundi alichoka. Akaniambia, "Mama, hata mchumba hachaguliwi hivi." Wakaagiza ya mapanga mawili, ya kupandia, ileile aliyoisema yeye siku ya kwanza. Imefika kwenye sanduku refu la mbao, imefungwa, fundi ameijaribu akasema inaimba. Mume wangu alirudi nyumbani uso unang'aa, akaniambia, "Abiria wa kwanza ni wewe. Tumeichagua wawili, tutaipandisha wawili." Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu.

Nikimwambia, atajua kwamba kila jioni ile, kila swali langu, ilikuwa hila, na nitakuwa nimemnyang'anya ndege na mke kwa siku moja. Nikinyamaza, najua kinachoweza kutokea. Nimewaza sana, na mahali nilipofika ni kwamba nitapanda naye tu, likitokea la kutokea litupate wote wawili, angalau sitakuwa nimemsaliti. Nimeshamwonyesha binti yetu funguo za kabati zilipo. Naomba uniambie kama kuna njia nyingine ambayo sijaiona, kwa sababu mimi siioni.

Ni mimi,
Mama Mkubwa

JIBU

Mama Mkubwa,

Barua yako nimeirusha mbele ya foleni, maana hukuacha namba ya simu na Jumamosi haingoji mtu.

Kwanza pole. Nimeisoma kwa utulivu, nikaisoma tena bila utulivu. Kuona mtu wako akiondoka macho yakiwa wazi, halafu akarudi kumalizia habari za mifereji ya paa, kungemfanya mtu yeyote aseme neno la kwanza lililomjia mdomoni. Lile "shimo" la kwanza nakusamehe. Sina uwezo wa kukusamehe yaliyofuata, maana hapo hukuwa umeshtuka tena, ulikuwa umekaa unasoma vitabu.

Sasa kuhusu huo mpango wako wa kupanda naye. Umeuandika kwa mwandiko mzuri, ukauita kutokumsaliti. Mwenzangu, huko ni kumwacha mtu atembee kuelekea kisimani gizani, wewe unamwona, na wema wako wote ni kumshika mkono mtumbukie pamoja. Tena ndege haianguki hewani ikabaki huko huko. Chini kuna mabati ya watu, kuna mtu anapalilia, kuna watoto wanatoka shule. Hao hukuwaandika popote. Na binti yako uliyemwonyesha funguo za kabati, umemwachia nini humo kabatini? Nguo za wazazi wawili?

Unajua ile methali ya mficha maradhi, sitakuchosha nayo. Nitakuambia tu kwamba yenyewe inamsema mgonjwa anayeficha ugonjwa wake. Mumeo hafichi kitu. Yeye ni mgonjwa asiyeambiwa. Miezi yote hii, huku mkijadili mbao na chuma, ugonjwa wake umekuwa ukikaa mezani nanyi unakunywa chai, na huenda ni ugonjwa wenye dawa. Mimi si daktari na sitakutia matumaini ya bure. Inawezekana daktari akamwambia hatarusha ndege tena maisha yake yote. Lakini mtu anayezimika hivyo anaweza kuzimika akivuka barabara, akishuka ngazi, akiwa jikoni anakuchemshia hayo maji ya chai. Uliiwekea breki ndege, hukumwekea mtu.

Fanya haya, na usiyapange upya.

Mpigie fundi simu sasa hivi. Mwambie ulichokiona siku ile, chote, na umwambie ndege isitoke bandani. Usimwombe akutungie uongo mwingine wa boliti iliyolegea. Umeshatunga wa kutosha. Fundi akisikia ukweli huo hataisukuma ndege ile nje hata akitishwa, kwa sababu jina lake ndilo lililo kwenye kazi ile.

Ukimaliza, mwambie mumeo leo hii, nyumbani, mchana, mkiwa wawili. Usianze na mapenzi wala machozi. Anza na ile sentensi ya mifereji, umwonyeshe ilikatikia wapi na ikaendelea wapi, na kilichotokea katikati. Kisha kikombe. Kisha kusoma. Yeye ni rubani, amezoea kupewa habari mbaya kwa mpangilio, na wewe kupanga unajua. Akikuuliza kwa nini hukusema, jibu "niliogopa," unyamaze. Usimweleze kwamba ulifanya kwa ajili yake.

Kwa daktari nenda naye, na safari hii uingie ndani. Daktari hawezi kukisikia ulichokiona kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo.

Na yule mtunza uwanja. Ulimtaja kwa sentensi moja, ukampita kama nguzo ya umeme. Mtu amepoteza kazi kwa shimo ambalo halikufanya kosa lolote. Wiki hii nenda kwa wenye kiwanja, kwa miguu yako, useme ni wewe uliyesema uongo, na arudishwe. Wasipomrudisha, nenda nyumbani kwake ukamwambie yeye mwenyewe, ili angalau aache kulala akijilaumu.

Uliniuliza kama kuna njia ambayo kwayo hutampoteza. Hukuuliza hivyo, lakini ndilo ulilouliza. Sijui. Huenda jioni zile zisirudi. Huenda akae miezi asiguse kikombe ulichokishika. Akisema umemuua, mwache aseme, umpe shati lake jeupe, mwende hospitali. Hasira ya mume aliye hai inabebeka. Wanawake wengi tumeibeba, wengine kwa makosa madogo kuliko haya.

La mwisho. Ungeweza kumwandikia dada yako, au kwenda kumwona daktari peke yako. Uliandika gazetini, mahali panaposomwa na watu wote, ukataja propela, ukataja banda, ukataja maneno yake mwenyewe. Nadhani kuna nusu yako iliyotaka ayasome, ili mwingine aseme badala yako. Nimeichapa barua yako nzima, sikufuta neno, kwa sababu nimewaza juu ya wale watoto wanaotoka shule. Kwa hiyo leo ukweli uko mitaani, na kama bado hajalishika gazeti hili, una muda mfupi sana wa kuwa wewe uliyemwambia.

Simama, mwenzangu. Yuko chumba gani?