Mstari wa Viatu wa Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya stesheni.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Kazi zinaendaje, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi? Sisi tunaendelea hivyo hivyo. Mama magoti yanamsumbua, wanangu wote wawili wazima, na mimi bado nashona sare za shule sokoni. Natumia anwani yako ya mwisho kwa sababu simu yako haipatikani huu mwaka wa nne. Kama aliyefungua barua hii si wewe, naomba anisamehe na aitupe.

Keti kwanza. Baba hatunaye tena. Alifariki tarehe 18 Mei asubuhi, soksi moja ameivaa, nyingine iko mkononi. Daktari alisema ni moyo. Hakuugua hata siku moja tukamuuguza, na mimi bado namkasirikia kwa hilo.

Watu walijaa. Wenzake wa jeshini waliobaki ni watatu tu, na walisimama wima mpaka mmoja ikabidi tumletee kiti. Walimsifu kwa vita ambavyo sisi hakutusimulia hata kidogo. Mimi niliyemjua ni sajini aliyenisuka nywele mama alipolazwa, mistari imenyooka kama gwaride, shuleni wakanicheka wiki nzima. Ndiye aliyekagua vitanda vyetu, na akivikuta vimevurugika anavitandika mwenyewe huku anapiga mluzi. Na kwa goti lile lenye chuma alimbeba mama mgongoni hadi hospitali, akarudi akasema mbona ni karibu tu.

Na viatu, kaka. Unazikumbuka Jumamosi zake: viatu vya nyumba nzima mstarini, visigino vimegusa ukuta, yeye kwenye kigoda na brashi yake. Vile vyako vyeusi, ulivyoviacha ukisema utavivaa ukirudi baada ya miaka miwili, alivipiga brashi miaka kumi na moja. Vilikaa kati ya buti zake nyeusi na viatu vya kahawia vya mama. Niliwahi kumwambia avitoe, vinakula nafasi bure. Akanijibu, "Mwanangu, aliyeko likizo nafasi yake haiguswi. Mstari unazibwa mtu akishakufa." Mama akaitikia. Katikati ya wiki yeye ndiye aliyevipangusa vumbi.

Sasa sikia tulichofanya. Baba mdogo ndiye aliyemvisha baba. Macho yake unayajua yalivyo hafifu, na siku ile yalikuwa yamejaa machozi. Nilimwambia achukue viatu vyeusi mstarini, basi, nikaendelea na wageni. Suruali ilikuwa ndefu, sanduku likafungwa, hakuna aliyetazama miguu. Jumamosi iliyofuata nikashika brashi nifanye kazi ya baba, nikazikuta buti zake pale pale. Vilivyokosekana ni vyako.

Nilianza kucheka, kwamba sajini mzima kazikwa na viatu vya mwanawe karani, kisha nikalia mpaka nikaishiwa nguvu. Baba mdogo aliposikia alikaa chini sakafuni. Anasema alichagua vilivyong'aa kuliko vyote.

Nilidhani mama atasema tununue jozi nyingine tuiweke. Jana nimepanga tena viatu, nikaiacha nafasi yako wazi kama baba alivyotaka. Mama akapita, akaitazama, akainama kwa shida. Buti za baba hakuzigusa. Alivisogeza viatu vyake vya kahawia mpaka vikazigusa buti, pasibaki mwanya, halafu akaenda kuinjika chai. Nami sikuvirudisha.

Sikuombi uje. Nimeshaomba katika barua tatu.

Baba mdogo anakusalimu na anakuomba radhi. Wanangu wanamsalimu mjomba wasiyemjua. Shangazi naye anakusalimu. Mama sikumwambia kama nakuandikia.

Mungu akutunze huko uliko, kama bado uko.

Ni mimi mdogo wako,
anayekupenda hata hivyo.