Kengele ya Mbuzi Shingoni Mwangu

Jumatatu, 3 Februari
Nimenywesha kondoo mtoni, nimerudi. Arobaini, vichwa vyeusi, mikia minono. Balambala nzima hakuna wazuri hivi. Lakini malisho yamekwisha. Wakikosa majani wiki hii wataanza kuanguka. Majani yaliyobaki yako kwa Eeddo Fatuma, dada wa baba: magugu yanayofika magotini chini ya milimau yake. Anataka kuyapulizia dawa. Nimemwambia dawa ni kondoo. Niliona huko Ruiru nikiwa taniboi wa lori: kondoo chini ya mibuni, magugu kwisha, kahawa haiguswi. Darasa la sita niliishia, lakini mimi nimetembea.

Jumanne, 4 Februari
Amekubali. Kondoo tu, mbuzi hapana. Mbuzi anasimama kwa miguu miwili na kula gome. "Mlimau mmoja ukichubuliwa, unatoka na mikia yako yote." Wallahi hautachubuliwa.

Jumatano, 5 Februari
Aibu. Kondoo wamegoma langoni. Tangu wazaliwe wanafuata kengele ya mbuzi wangu mzee. Nikamwingiza kidogo tu, awatangulie. Halafu nikaanza kumsimulia jirani Hassan mambo ya Ruiru. Kugeuka, mlimau mmoja uko uchi hadi kifuani. Hassan: "Waryaa, we mzee, hii ndio kahawa yako?" Eeddo hakupiga kelele. Hiyo ndiyo mbaya. Kasema nisirudi, anaagiza dawa.

Alhamisi, 6 Februari
Nimerudi. Mbuzi nimemfunga nyumbani. Kengele yake nimeivaa mimi. Mzee mzima, ndevu za hina, natangulia shambani nikilia ng'ang'a ng'ang'a. Wote arobaini nyuma yangu! Hassan alicheka mpaka akakaa chini. Acheke. Yeye hata paka wake hamfuati. Eeddo alikuja na jembe mkononi, tayari kunifukuza. Akasimama. Akatazama kondoo wanakula magugu, vichwa chini, milimau hawana habari nayo. Akarudi nyumbani na jembe lake. Mimi sikutoka.

Jumamosi, 8 Februari
Safu nne safi. Mbolea ya kondoo juu. Dawa haijaagizwa. Ule mlimau nimeupaka udongo na mavi ya ng'ombe, nimeufunga gunia. Sijui kama utapona. Naogopa kidogo.
Jioni Eeddo kaleta birika la chai. Hakunisifu. Aliona kamba ya kengele imelegea shingoni mwangu, akaikaza. Kisha akaenda kufungua lango la shamba la pili.