Jina la Mama katika Wimbo wa Saba

Pemba, 11 Januari 2026

Mdogo wangu Nádia,

Salamu nyingi. Kifua cha mama kimepoa? Mimi mzima, ila njaa tu, kama msanii yeyote.

Najua mtandao huko haujarudi, ndiyo maana nampa barua dereva wa chapa, basi dogo la abiria. Sisi wanamuziki kumi na mmoja, tusio na kampuni wala meneja, tunatoa albamu moja. Kila mmoja wimbo mmoja, na mapato yote yatanunua dawa za kipindupindu kwa ajili ya huko kwetu. Wangu una muziki, hauna maneno. Wewe unamaliza vitabu kabla mwalimu hajavifungua. Niandikie, na usione haya.

Kaka yako,
Dauto

Mocímboa da Praia, 19 Januari 2026

Kaka Dauto,

Shikamoo. Natumaini umekula. Kifua cha mama kimetulia.

Maneno haya hapa. Nimefuata desturi ya nyimbo zetu za harusini: anayesifiwa hutajwa jina, jina la mama yake na mahali anapokaa, la sivyo wimbo unakuwa wa mtu yeyote. Nimemsifu mama. "Ancha binti Muaija, wa nyuma ya soko, ndiye atiaye dawa visimani tukiwa tumelala."

Hapa wanasema dawa hiyo ya kusafisha maji ndiyo inayoleta kipindupindu, kwamba wageni wanaitia kwa siri. Nadhani wakijua kumbe ni mama, anayewauzia vitumbua kila asubuhi, hofu itawatoka. Mwenyewe sijamwambia. Nataka ausikie ghafla, afurahi.

Mdogo wako,
Nádia

Pemba, 24 Februari 2026

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Albamu imetoka! Wetu ni wimbo wa saba. Hélder, mpiga gitaa wetu, alilia tulipourekodi, tukamcheka mpaka akatoka nje. Watu wa mbali wanainunua. Nimempa dereva kadi ya kumbukumbu ya simu yenye nyimbo zote. Wape vijana wa sokoni wanakili.

Kaka yako,
Dauto

Mocímboa da Praia, 2 Machi 2026

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, kwa leo.

Uondoe wimbo wa saba. Kila simu sokoni inaupiga. Jana kabla ya futari Sualehe, yule muuza mkaa, alikuja kwenye vitumbua na simu mkononi.

"Mama Dauto, kumbe ni wewe!"

Mama akacheka. "Mimi nini, baba?"

"Unayetutilia maji sumu."

Hakuna aliyenunua tena. Vitumbua tulivirudisha vyote.

Mama hakunigombeza. Alisema anatoka alfajiri kwa sababu mwenzake mmoja wa kutia dawa alipigwa mawe. Mimi nilidhani hataki kuwasumbua wachota maji. Tafadhali, kaka.

Mdogo wako,
Nádia

Pemba, 8 Machi 2026

Nádia,

Nimeuondoa mtandaoni. Uliomo kwenye simu za watu siwezi kuufuta. Mpeleke mama Awasse kwa mjomba Adamo, leo hii. Akikataa, mlilie.

Kaka yako,
Dauto

Pemba, 12 Machi 2026

Nádia,

Dereva anasema aliacha barua mlangoni, hakuona mtu. Mko Awasse? Nijibu hata mstari mmoja.

Dauto

Mocímboa da Praia, 21 Machi 2026

Kaka Dauto,

Leo sikuulizi afya. Nilimkataza mjomba Adamo asikuletee habari kwa mdomo wa dereva. Nilipaswa kuandika mimi.

Barua yako ya kutuambia twende Awasse ilifika Jumatano. Wao walikuja Jumanne, baada ya swala ya adhuhuri, Sualehe akiwa mbele. Walitaka majina ya wenzake mama. Alisema, "Niko peke yangu." Kila walipompiga walimuuliza tena, na jibu lilikuwa lilelile. Aliishi siku mbili. Tulimzika Ijumaa. Waliomswalia walijaza safu moja.

Boksi la dawa mlilonunua lilifika juzi. Kituo cha afya kimefungwa kwa hofu, dereva akaliacha kwetu.

Leo asubuhi mke wa Sualehe alisimama nje ya ua. Hakupiga hodi. Mtoto wao anaharisha maji matupu. Nilikaa ndani muda mrefu, nikimtazama kwenye upenyo wa makuti. Halafu nikatoka na pakiti mbili za dawa ya chumvi na sukari kutoka kwenye boksi. Nikakoroga moja kwenye lita ya maji yaliyochemshwa, nikamwambia ampe kidogo kidogo, asiache.

Akaniuliza, "Haitamuua?"

Nikajimiminia kikombe, nikanywa chote mbele yake. Ndipo akapokea.

Mdogo wako,
Nádia