Maziwa, Maini na Mguu wa Gurey

Jumapili, Machi 1996. Upepo wa vumbi tangu alfajiri. Hata mbuzi wanatembea wamefumba macho.

Daftari, andika bila kubisha: kutoka daraja la Tana mpaka Lafey hakuna beki kama mimi. Ngamia dume akikosea njia akaingia mbele ya goli langu, atarudi kwao akichechemea na kuniomba radhi. Ndiyo maana mtaa mzima wa Waberi wananiita Dhagah, yaani jiwe. Shule niliiacha darasa la saba, au yenyewe iliniacha, hatukumbuki vizuri. Lakini historia ya mpira wa hapa niulize mimi, usimwulize mwalimu.

Zamani timu ilikuwa moja. Wakubwa wake walikuwa Haji, mwenye bucha ya ngamia, na shemeji yake, dalali wa mifugo. Siku ya kucheza na askari wa kambini, Haji aliwalisha wachezaji maini asubuhi. Mapumziko, dalali akawanywesha maziwa ya ngamia. Kipindi cha pili hakikuchezwa uwanjani. Kilichezwa vichakani, mmoja mmoja, mbio, kaptula mkononi. Walifungwa saba.

Haji akasema maziwa yalichacha. Dalali akasema maini yalilala. Mpaka leo haijajulikana. Timu ikapasuka mbili, mashemeji wakaacha kusalimiana, na majina rasmi ya klabu hizo hakuna anayeyakumbuka. Kuna Maziwa, kuna Maini. Watu wamenyimana mabinti kwa sababu hiyo. Mimi ni Maini. Baba ni Maini. Kuku wetu ni Maini.

Gurey ni Maziwa. Mama zetu ni dada, lakini baba yake ndiye yule dalali, angefanya nini? Gurey maana yake wa kushoto, na huo mguu wake wa kushoto, sitaki kuusifu humu, ila mpira ulikuwa ukiutii kuliko mimi ninavyomtii mama.

Mechi ya mwisho ilikuwa kabla ya Ramadhani. Kulikuwa na mgeni amekaa juu ya kreti ya soda, mtu wa klabu moja ya Nairobi. Alikuja kwa ajili ya Gurey. Mji mzima ulijua: akimpendeza, Jumatatu wanapanda basi pamoja.

"Warya Dhagah," Gurey aliniambia kabla ya filimbi, "leo nakupitisha katikati ya miguu, kama mwanambuzi chini ya ngamia."

"Pita tu," nikamjibu. "Mguu utauacha hapa, ushuru."

Akanipitisha kweli. Uwanja ukalia "Maziwaaa!" Mzee mmoja wa kwetu, Maini wa damu, alicheka mpaka kilemba kikamwanguka. Na mimi nikacheka, meno ya nje tu.

Dakika chache baadaye akaja tena, mguu uleule. Nikateleza nikamwendea. Ukalia.

Si uwanja. Mguu.

Kwetu mguu wa mtu si wake peke yake. Nikikuvunja kwa makusudi, ukoo wa baba yangu unalipa ukoo wa baba yako ngamia. Ikiwa ni ajali ya mchezo, inasomwa Fatiha na watu wanatawanyika. Kwa hiyo wazee walitandika mikeka nyuma ya bucha, na swali lilikuwa moja tu.

"Adeer, mwanangu," mzee wa upande wao aliniambia, kwa upole hata, "sema mbele ya Mungu. Ulibiga mbira ama ulibiga mtu?"

Siku nyingine ningeiigiza hiyo "mbira" yake mtaani mwezi mzima.

Nilimtazama baba. Ukame ulimwachia ngamia wanne. Alikuwa anavuta tasbihi, macho chini.

Niliweka mkono juu ya Msahafu. Nikasema wallahi, niligusa mpira kwanza.

Wakamwuliza Gurey, aliyelazwa pale kwenye godoro, vijiti vimefungwa mguuni. Alijiinua kwa kiwiko, akanitazama. "Kama Dhagah ameapa," akasema, "basi aligusa."

Fatiha. Wazee wakapiga marufuku mechi yetu milele. Nguzo za magoli sasa ni zizi la mbuzi wa Haji. Na siku hiyo Haji na shemeji yake walipeana mikono, mara ya kwanza tangu yale maini. Watu wakasema alhamdulillahi, mguu umeleta amani.

Amani.

Juzi mganga wa mifupa alifungua vijiti. Mguu umeunga kombo, umekuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Leo asubuhi Gurey alipandishwa juu ya magunia ya lori, anakwenda kwa nyanya yake huko Rhamu, akalinde vitunguu kando ya mto. Lori lilipoanza kuondoka akanirushia kiatu chake cha kushoto.

"Shika, Dhagah! Vitunguu havinikabi kama wewe!"

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Kiatu kiko hapa mbele yangu. Hakinitoshi. Hata kingenitosha, uwanja uko wapi, na Maziwa wako wapi?

Mchana nilimwuliza maalim, kama mzaha, kwamba kuna jamaa fulani aliapa uongo, sijui atafunga siku ngapi. Maalim hakucheka. Alisema kiapo cha namna hiyo hakina kafara ya siku, mpaka haki imrudie mwenyewe. Mwenyewe saa hizi ameshapita Wajir.

Beki bora kutoka daraja mpaka Lafey. Sawa.

Mpira ulikuwa umeshapita. Niliuona ukipita, kisha ndipo nikateleza.

Sikuugusa.