Kubananga si Kubanangika

Kapata, Kolwezi
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Lucien,

Pokea salamu zetu, wewe, wifi Myriam na watoto. Kifua cha wifi kimepoa? Sisi tuko wazima, ila kiangazi kimeanza na vumbi la malori linatukausha koo.

Uliniuliza Mama alimaanisha nini aliposema kwenye simu kwamba Mechack alibananga, maana huko Kigoma ulikokulia neno hilo hamnalo. Ulidhani mdogo wetu amevunja kitu. Ni kweli, hata simu au nguo hubanangwa. Lakini mtu akibananga, ametenda vibaya, amekosa adabu. Ndivyo alivyofanya.

Tata Antoine, kama tunavyowaita wazee huku, alikuja na nduguze kutoka Mutshatsha kumposea mwanawe dada yetu Shekina. Mechack akatokea machimboni, amelewa lutuku. Akawaita wageni wenye njaa, akapiga teke sahani ya bukari, ugali wetu. Waliondoka bila kuaga. Shekina alijifungia chumbani.

Kesho yake ukoo ulikutana. Baba mdogo Edouard alisema, "Huyu alisha kubanangika. Abebe bitu yake, atoke."

Mama akasimama. Unajua hasimami mbele ya wanaume.

"Hapana, Tata. Mutoto wangu alibananga. Hakubanangika."

Maziwa yaliyobanangika humwagwa, kaka. Aliyebananga huambiwa aende akatengeneze.

Basi Mechack alipanda pikipiki hadi Mutshatsha. Tata Antoine hakumjibu salamu, akaendelea kupakia magunia ya makaa. Mechack akavua shati, akapakia naye hadi lori likajaa. Ndipo mzee akamwuliza kilichompata siku ile.

"Mi niliogopa, Tata. Tangu baba afe, Shekina ndiye ananilea. Akienda, nitabakia na nani?"

Tata Antoine alimkaribisha ndani, wakala sahani moja. Wiki iliyofuata wageni walirudi, mahari ikapokelewa. Harusi ni Agosti.

Shekina alichelewa kumsamehe. Walikuwa wanapishana mlangoni kama wapangaji. Juzi tu, akipima gauni, alimwita: "Mechack, kuya uone. Ni wewe utanipeleka kanisani."

Mechack alitoka nje akalia, na hakuna aliyemcheka.

Mpigie simu, kaka. Usimwulize aliharibu nini. Mwulize suti anataka rangi gani.

Mama na baba mdogo Edouard wanawasalimu sana. Mungu awafunike nyumba nzima, awalete salama Agosti.

Dada yako akupendaye,
Louise