Tofali Chini ya Kitanda

Opelika, Alabama
4 Machi 1996

Mkwe wangu Corinne,

Hujambo? Mimi mzima. Mkono wa kushoto bado unaniletea ubishi asubuhi za baridi, lakini unashika kikombe, nami sidai zaidi. Kifua chako je, kimepona?

Lamar alikuja Jumapili. Alimaliza pai nzima ya viazi vitamu, ndipo akasema kilichomleta. Mwezi wa sita anastaafu jeshi, na anasema umeweka wakili ili jaji akivunja ndoa yenu akukatie fungu la pensheni yake. Corinne, mwanangu amebeba bunduki miaka ishirini na miwili. Wewe hukubeba. Gari anakuachia, na vyombo vyote vya jikoni.

Anataka niende mahakamani Fayetteville niseme mliachana mwaka 1983, alipohamishiwa Ujerumani nawe ukabaki huku kwangu. Wakili wake amemwambia huko jaji huhesabu miaka ya ndoa mpaka siku mlipoachana, basi ikiwa ni 1983, fungu lako litakuwa dogo. Ameniahidi chumba katika nyumba atakayojenga. Nina miaka sabini na moja, na ngazi za hapa zinanishinda.

Nakuomba uachie, mambo yaishe kimya kimya, nisipandishwe kizimbani kwa ajili ya watoto wangu wawili.

Mama Lamar


Fayetteville, North Carolina
15 Machi 1996

Mama, shikamoo.

Kifua kimepona, asante. Huo mkono usiuache ukae bure. Kanda unga kila asubuhi kama nilivyokufundisha, hata kama huna wa kumwokea.

Gari analoniachia haliingii gia ya kurudi nyuma. Mimi pia.

Ni kweli sikubeba bunduki. Nilikubeba wewe. Umesahau masanduku yangu yalivyokuwa mlangoni, nguo za baridi za Ujerumani zimeshakunjwa, ndipo ulipoanguka ukapooza upande mzima? Lamar alipiga simu akilia. Aliniambia, "Mke wangu, baki na Mama, sina mwingine." Nikabaki. Nilikulisha kwa kijiko, nikakuogesha, nikakufundisha upya kufunga vifungo vya gauni. Nawe ulikuwa mkorofi, Mama, tusidanganyane. Kila Krismasi alikuja likizo, akala mezani petu, akalala na mimi chumba cha wageni. Mtu aliyeachwa na mkewe huja kulala naye kila Krismasi?

Kabla ya hapo nilimfuata kambi nne. Kila tulipohama niliacha kazi, na kila tulipofika nilianza tena kwa kupiga deki hospitali. Ndiyo maana leo sina pensheni yangu. Mwaka 1990 ulipopona, nilikuja hapa Fayetteville, alikokuwa amehamishiwa kutoka Ujerumani, na kukuta viatu vya kike vya huyo Patrice wake chini ya kitanda cha mume wangu. Siku hiyo ndipo tulipoachana, si kabla.

Ile miaka saba niliyokaa kwako ni yangu, na siiachii. Usiniombe tena, maana wewe nakupenda na kukunyima kunaniuma. Ila ukipanda kizimbani, sema ulichokiona.

Mkweo


Opelika, Alabama
24 Juni 1996

Corinne,

Salamu. Najua nimekaa miezi mitatu bila kukujibu. Nilikuwa nimenuna, na sehemu ya kununa kwangu ni kwamba hukusema uongo hata mahali pamoja.

Nimetoka kwenye sherehe ya kumuaga Lamar. Walipiga bendi, wakamvisha nishani. Kisha yule mkubwa wao akasema jeshi linamshukuru mke wa sajini kwa kushikilia nyumba miaka yote hiyo, na kijana mmoja akaja na maua ya manjano. Patrice akainuka akayapokea. Watu wakapiga makofi. Mikono yangu ilibaki mapajani, na usidhani ni kwa sababu ya kupooza.

Hili sijawahi kukuambia. Otis, baba yake Lamar, alipostaafu jeshi mwaka 1969, mimi nami nilipewa maua kama hayo. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mwaka wa pili akaniacha, na pensheni ikaenda naye Detroit kwa mwanamke mwingine. Sheria hii yenu haikuwapo. Nilipouliza, niliambiwa ni mshahara wa askari, mimi haunihusu. Nikaingia jikoni shuleni, nikabeba masufuria mpaka mwili ukagoma, na wewe ndiye uliyekuja kuuokota.

Jioni nilimwambia Lamar sitasema alichonituma. Akasema basi nisahau chumba. Nimeishi miaka ishirini na mitano bila pensheni ya baba yake, nitashindwa kuishi bila chumba chake?

Nitumie tiketi ya basi. Nitamweleza jaji kuhusu kitanda. Krismasi ya 1986 mlikivunja mguu, mkajifanya mmelala, asubuhi hakuna aliyenitazama usoni. Niliweka tofali mahali pa mguu mwenyewe, kwa mkono wangu mmoja mzima. Lipo mpaka leo.

Mama mkwe wako


Fayetteville, North Carolina
11 Oktoba 1996

Mama, shikamoo.

Natumaini safari ya basi haikukuumiza mgongo. Hukumu imetoka leo. Jaji amesema tuliachana 1990, na miaka yote mpaka hapo imehesabiwa. Jeshi litanilipa fungu langu moja kwa moja, halitapitia mikononi mwa Lamar.

Bado naona aibu kwa habari ya kitanda. Mwandishi wa mahakama aliinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Lakini wakili wa Lamar alipokuuliza kama huoni vibaya kumgeuka mwanao, na wewe ukamjibu, "Nimemlea mwenyewe, akidanganya nani wa kumrudi?", Lamar alitazama viatu vyake. Mwisho nililia, nawe uliniona.

Najua hapokei tena simu zako kwa sababu yangu. Hapa ninapokaa hapana ngazi, na chumba cha nyuma kinapata jua. Njoo tukae wote.

Mkweo


Opelika, Alabama
20 Oktoba 1996

Corinne mwanangu,

Mimi mzima, mgongo mzima, na mkono umekanda unga leo.

Sihami. Nyumba hii niliilipia kwa masufuria, na ngazi nitapanda kwa makalio ikibidi. Lamar akichoka kununa, mlango anaujua.

Krismasi njoo wewe. Chumba ni kilekile. Tofali nimeliosha.

Mama yako