Niliandika "Imefungwa" Juu ya Bahasha ya Shati

Dada Mshauri mpendwa, nishike mkono maana kichwa kinataka kupasuka. Mimi ni karani wa stoo ya vielelezo mahakamani, yaani mapanga, simu, viatu, kila kitu kilichoonyeshwa kwa hakimu kinakaa kwangu, na kwenye rafu kuna bahasha ya kaki yenye shati la mwizi aliyemjeruhi mlinzi wa duka, lilinasa kwenye waya akiruka ukuta, likabaki na damu ya huyo mwizi, na kwa kesi hiyo amefungwa fundi vigae mmoja ambaye huu mwaka wa kumi na moja anasema shati si lake, na dada yake kila Jumatatu yuko dirishani kwangu, "Mama, kile kipimo cha DNA vipi?", kwa sababu wakati wa kesi hakikuwepo, sasa kipo, na ombi lao liko kwa hakimu, kinachosubiriwa ni nani alipie.

Bosi wangu anasema serikali haina hela ya kumpimia mtu aliyekwisha kuhukumiwa, eti kipimo kimoja ni bei ya viti vya ofisi nzima, na mume wangu naye nikimsimulia anafoka mbele ya watoto kwamba kodi yake haikatwi ili wafungwa wapimwe damu, basi huku naambiwa gharama, kule dada wa fundi ananiambia ndugu yake anaozea ndani, jamani mimi ni waziri wa fedha?

Sasa aibu yangu. Mwezi uliopita bahasha ile iliachia gundi, nikaibandika, nikaandika juu kwa kalamu nyekundu IMEFUNGWA, nikimaanisha bahasha, Bosi akapita akasoma akadhani ni kesi ndiyo imefungwa, akaitia kwenye orodha ya vitu vya kuchomwa moto Ijumaa ili tupate nafasi, na orodha niliichapa mwenyewe bila kuisoma, nimekuja kugundua jana. Nikisema, napewa barua ya onyo, ya tatu hiyo, nafukuzwa. Nikinyamaza, hakuna shati, hakuna gharama, Bosi na mume wangu roho kwatu. Nifanyeje?

Karani Roho Juu

*

Karani, barua yako nimeirusha mbele ya foleni, wenye mawifi wakorofi watanisamehe. Hivi wewe uko sawasawa? Shati liko hatua tatu kutoka kiti chako, wewe unahangaika na baruapepe kuniandikia mimi!

Pole, najua kazi ni ugali wa watoto. Lakini nani alikutuma kubandika kielelezo cha kesi kama bahasha ya mwaliko wa harusi?

Sisemi hela ni mchezo. Ni za wananchi, na hospitali nazo zinazililia. Ila mumeo mwambie hivi: chakula cha huyo fundi, sare zake, askari wa kumlinda, vyote analipa yeye kwa kodi hiyo hiyo, miaka kumi na moja, na sijasikia amenuna. Kama mwizi mwenyewe yuko mtaani anapunga upepo, je, hiyo hasara ameipigia hesabu? Na damu ikionekana ni ya fundi kweli, sawa, tumelipa na tumejua. Wewe hujui, mimi sijui, Bosi wako na viti vyake hajui. Wa kuamua ni hakimu, na hawezi kuamua kupima majivu.

Leo ni Jumatano. Andika barua ya nusu ukurasa: neno lile lilihusu gundi, kesi ina ombi kwa hakimu, bahasha itolewe kwenye orodha ya kuchomwa, uliigusa tarehe fulani na hukuifungua. Usifiche hata moja, maana ukificha, shati lenyewe litatiliwa shaka. Moja kwa Bosi, nakala kwa hakimu, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa, yako ibaki nyumbani. Onyo la tatu? Huenda likaja. Utatafuta kazi nyingine, ukitoka na kurudi kwako utakavyo, jambo ambalo fundi hawezi.

Halafu mpigie simu dada yake leo leo, usimngoje Jumatatu. Mwambie shati lilikuwa lichomwe kwa kosa lako na umelizuia. Atakufokea. Mwache afoke mpaka amalize, na usikate simu.